Taalimu ya Masafa: Kutoka Redio ya Jangwani hadi Moodle

Katika nyika za ndani ya Australia, ambako shamba la ng'ombe huweza kutengwa na mji kwa mamia ya maili, watoto wa wafugaji walikuwa wakisoma kwa barua peke yao, wala hapakuwa na mwenzao wa kushindana naye kusoma wala wa kumwuliza swali. Miaka ya 1920 fundi Alfred Traeger alibuni redio iliyopata umeme wake kwa kukanyaga pedeli, na kwa chombo hicho familia za mbali ziliweza kumwita tabibu arukaye kwa ndege. Kisha bibi mwalimu, Adelaide Miethke, alipoona jinsi watoto wa huko walivyokuwa na haya kwa kukosa wenzao, alifikiri kwamba redio iwaitiayo wagonjwa tabibu yaweza pia kuwakutanisha wanafunzi. Mwaka 1951 skuli ya hewani ikafunguliwa rasmi Alice Springs. Faida yake kubwa haikuwa somo lililosemwa na mwalimu, bali kwamba mtoto alisikiwa akijibu, na akawasikia wenziwe.

Katika muongo uliofuata wataalamu wa kompyuta walikuwa wakiijia haja hiyo kwa njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake walianza mwaka 1960 mfumo wa kufundishia ulioitwa PLATO, ambao kufikia mwaka 1973 ulikuwa na mahali pa watumiaji kuandikiana na kujibizana. Baadaye, intaneti ilipoenea, Murray Goldberg wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitengeneza WebCT, na mwaka 1997 kampuni ya Blackboard ikaanzishwa Marekani. Na kwa vyombo hivi mwalimu aliweza kuweka masomo, kupokea kazi za wanafunzi, kuandika alama na kuendesha majadiliano, yote mahali pamoja. Lakini vilikuwa mali ya kuuzwa kwa leseni, na msimbo wake ulikuwa siri ya mwenyewe.

Hapo ndipo alipotokea Martin Dougiamas, mtoto wa jangwa la Australia Magharibi, ambaye utotoni mwake alisoma kwa njia hiyo hiyo ya redio. Akiwa msimamizi wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, mjini Perth, alichoshwa na kasoro asizokuwa na idhini ya kuzirekebisha, na mnamo mwaka 1999 akaanza kuunda chombo chake mwenyewe, Moodle, huku akifanya utafiti wa shahada ya udaktari juu ya imani kwamba mtu hujifunza vyema zaidi anapojenga kitu ambacho wenzake watakiona na kukihakiki. Toleo la kwanza kamili la Moodle lilitoka tarehe 20 Agosti 2002, na Moodle hata leo inabeba imani hiyo ndani yake: mna baraza la mazungumzo, mna faharasa ya maneno iandikwayo na wanafunzi wenyewe, na mna karakana ambamo mwanafunzi huipima kazi ya mwenziwe.

La thamani zaidi ni sharti aliloitolea Moodle. Kila mtu aliruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa, mradi anayeigawa aigawe kwa sharti lile lile, asimfungie mwingine alichofunguliwa yeye. Waislamu wa pwani wataitambua maana hii mara moja, kwani ni maana ya kisima cha wakfu: atokaye mbali na akaaye jirani huteka sawa, wala hapana awezaye kukigeuza kuwa milki yake.

Jaribio la umilki halikukawia. Mwaka 2006 Blackboard, iliyoungana na WebCT mwaka huo huo, ilipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya mifumo ya kufundishia kwa intaneti, ikaishtaki kampuni ya Kanada iitwayo Desire2Learn. Na mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama huko Texas likaipa Blackboard ushindi wa dola milioni 3.1. Watu wa programu huria, yaani zenye sharti kama lile la Moodle, nao walikusanya tarikhi ya vyombo vya zamani, ili ithibiti kwamba fikra hizo zilikuwako tangu kale, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikayabatilisha madai ya hataza ile.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilikuwa kimekwisha kuichagua Moodle, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wasioweza kuacha kazi na jamaa zao wakakae chuoni, nacho kinaitumia. Basi ni wajibu wa vyuo vyetu visiwe watekaji tu, bali viwalee mafundi wa kuujua msimbo huo, kuusahihisha na kuurudishia walichoongeza, kwa sababu mali ya wakfu isiyo na msimamizi huharibika, hata ikiwa sharti lake ni jema namna gani.