Kamati ya Sebuleni

Mwaka jana familia yetu ilikaa sebuleni kuamua kama Shosho aendelee na dayalisisi. Ana miaka 74. Mara mbili kwa wiki mimi ndiye humpeleka, kwa sababu niliacha chuo na kila mtu anaamini sina kazi. Bima hulipia kikao, lakini nauli na dawa zingine zinatoka mfukoni. Mjomba akasema kile wengine walikuwa wanawaza tu: "Jameni, huyu ni mzee. Tunapigania nini?"

Usiku huo nilianza kusoma.

Mashine ya figo ilianza na Willem Kolff, daktari kijana huko Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa Wanazi. Vifaa vilikuwa adimu. Alichukua selofeni ya kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ilipita ndani ya selofeni, uchafu ukapenya kuingia majini. Alianza 1943, na wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Kisha, Septemba 1945, akamtibu Sofia Schafstadt, mfungwa aliyeshirikiana na Wanazi. Alikuwa hajitambui. Akaamka. Alikuwa na miaka 67.

Hiyo namba niliisoma mara mbili. Wa kwanza kuokolewa na mashine ya Kolff alikuwa mzee.

Lakini wakati huo kila kikao kiliharibu mishipa, so mashine ilifaa figo zilizogoma kwa muda mfupi tu. Mwaka 1960, Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipata dawa ya hilo: mrija wa Teflon unaobaki mkononi, mgonjwa arudi tena na tena. Wagonjwa wakawa wengi, mashine chache. Watu saba, wakiwemo mchungaji, mwanasheria na mama wa nyumbani, wakapewa kazi ya kuchagua nani atibiwe. Waliangalia kipato, ndoa, watoto, hata mambo ya kanisa. Waliozidi miaka 45 hawakufika mbele yao, madaktari walishawachuja. Sofia angeachwa nje. Ni 1972 ndipo sheria ya Marekani ilikubali kugharamia karibu kila mgonjwa.

Mjomba si mtu mbaya. Kwa mzee dhaifu, mashine inaweza kuongeza siku kisha izile hizo hizo: masaa manne kitini, kesho yake uchovu. Kuna wazee wanaochagua kuacha, watulizwe maumivu wakiwa nyumbani, na hilo ni chaguo halali. Ila ni lao. Kamati yetu ilikaa masaa mawili bila kumuuliza Shosho, na alikuwa chumba cha pili akisikia kila kitu.

Asubuhi nikamuuliza.

"Nitaenda mpaka nichoke," akasema. "Nikichoka nitawaambia mimi mwenyewe. Si mjomba wako."

Jumanne tukapanda matatu, tukaenda.