Tandiko la Mturuki

Nyumba yetu hapa Pipeline iko ghorofa ya tatu, na dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Kwa hivyo siku dadangu alipoleta filamu za skani yake, ilibidi tupande hadi juu kabisa, ghorofa ya nane, pale watu huanika nguo, ndiyo tupate jua la kuziangalia. Tulisimama katikati ya mashuka na soksi za wenyewe, nikainua ile filamu: vipande ishirini na kitu vya kichwa cha mtu ninayemjua tangu nizaliwe. Ripoti ilisema kila kitu kiko sawa.

"Si umeona," akaniambia. "Niko sawa." Halafu akakaa kando ya tangi la maji, akalia.

Hakuwa sawa. Hedhi ilikuwa imepotea miezi kumi na moja. Maziwa yalikuwa yanamtoka na hana mtoto wala mimba. Mimba alikuwa ameipima mara nne kwa yule jamaa wa kemist karibu na stage, ambaye mtaa mzima humwita Dokta, na mara ya nne Dokta alikataa hata kupokea pesa. Kichwa kilimuuma karibu kila jioni. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja, kilikuwa kimemwandikia maneno mawili kwenye karatasi: skani ya kichwa. Akaenda mahali pa bei nafuu, akalipa elfu nane za chama, akapigwa CT, akaambiwa labda ni stress za kazi.

Mimi nilisomea historia, si udaktari. Lakini yale maneno mawili yalinikaa. Skani ya kichwa, sawa, lakini gani? Nilipoanza kusoma niligundua kwamba swali hilo lina zaidi ya miaka mia moja, na kwamba karibu kila mashine iliyowahi kuangalia ndani ya kichwa cha binadamu ilipata shida mahali pamoja, pale pale alipokuwa akiumwa dadangu.

Mahali penyewe ni padogo ajabu. Tezi ya pituitari ni kama minji moja, uzito wake kama nusu gramu. Imekaa nyuma ya pua, katikati kabisa ya kichwa, chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa. Wataalamu wa mwili wa Ulaya waliona kishimo hicho kimeinuka mbele na nyuma kama tandiko la farasi la Waturuki, wakakiita hivyo kwa Kilatini, sella turcica, na jina limebaki hadi leo kwenye ripoti za hospitali za Nairobi. Jina la tezi ni la aibu zaidi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia Galen wa enzi ya Warumi, iliaminika kwamba kazi yake ni kuchuja uchafu wa ubongo na kuushusha puani, na pituita maana yake ni makamasi. Kumbe kitu kinachoendesha hedhi, maziwa, urefu wa mtu na namna anavyostahimili ugonjwa kilipewa jina la makamasi.

Mwaka 1886, Pierre Marie, daktari wa Paris, alieleza ugonjwa wa watu wazima ambao mikono, miguu na taya zao zilikuwa zinazidi kukua. Punde ikaonekana kwamba wengi wao, walipofariki na kupasuliwa, walikuwa na pituitari iliyovimba. Shida ni hapo kwa "walipofariki". Hakukuwa na njia ya kuiona ukiwa hai.

Njia ilikuja tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei kule Würzburg, Ujerumani. Hapa historia inatupitia sisi wa upande huu wa dunia, ingawa vitabu vingi huruka: mojawapo ya matumizi ya kwanza kabisa ya eksirei jeshini ilikuwa mwaka 1896, katika hospitali ya kijeshi ya Naples, kutafuta risasi katika miili ya askari wa Italia waliorudi kutoka Ethiopia, kwenye vita ambavyo Menelik aliwachapa Adwa. Yaani teknolojia hii ilikuwa haijafikisha mwaka na tayari ilikuwa inasoma kazi ya bunduki za Waafrika.

Eksirei huona mfupa. Pituitari si mfupa. Kwa hivyo Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeandika kitabu kizima juu ya tezi hii mwaka 1912, alikuwa akiangalia tandiko, si mpanda farasi. Kama kishimo kimepanuka au kimeliwa, basi kuna kitu kimekua ndani. Uvimbe mkubwa ulionekana hivyo. Mdogo ulipita bila kujulikana, na ndiyo maana ugonjwa unaobeba jina la Cushing, alioueleza mwaka 1932, ulikuwa mgumu: mara nyingi husababishwa na uvimbe wa milimita chache tu ambao hausukumi mfupa wowote.

Kilichofuata ni sehemu inayonitia baridi. Mwaka 1919 Walter Dandy wa Baltimore alieleza namna ya kutoa maji yanayozunguka ubongo kupitia uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, kwa sababu hewa huonekana kwenye eksirei na kuchora umbo la kilicho kando yake. Mgonjwa alifungwa kwenye kiti na kugeuzwa, kichwa juu, kichwa chini, ili hewa ipande mahali panapotakiwa. Wengi walitapika. Maumivu ya kichwa yalikaa siku kadhaa. Na hii haikuwa kitu cha zamani za kale. Ilitumika mpaka miaka ya 1970. Kama dadangu angezaliwa wakati wa nyanyangu na kubahatika kufika hospitali kubwa, hiyo ndiyo ingekuwa "skani" yake.

Nairobi ya wakati huo? Hospitali tunayoiita Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa Native Civil Hospital, na jina linajieleza. Upasuaji wa ubongo kama fani ulijengwa hapa baadaye sana: Renato Ruberti alifika kutoka Naples (Naples tena!) mwaka 1967, na Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika kazi hiyo, akarudi kutoka mafunzo Belfast mwaka 1979.

Kati ya miaka hiyo miwili dunia ilibadilika. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alilazwa kwenye mashine ya Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Ndiyo, EMI ya santuri za Beatles. Watu hupenda kusema Beatles ndio waliolipia CT, hadithi tamu, ila wizara ya afya ya Uingereza ilitoa nyingi kuliko kampuni. Hounsfield aligawana Nobel ya 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuwaza hesabu za mashine hiyo mwaka 1956 akifanya kazi ya muda hospitalini Groote Schuur, Cape Town. Alipochapisha hesabu hizo, 1963 na 1964, karibu hakuna aliyejali.

CT ilikuwa muujiza, na bado ni muujiza. Mtu ameanguka kwa pikipiki, amepigwa na kiharusi, damu imevuja kichwani: CT hukuonyesha kwa dakika chache. Hilo ndilo swali iliyoundwa kulijibu. Lakini msingi wa fuvu ni mfupa mnene pande zote, na mfupa huo hutupa michirizi kwenye picha. Minji iliyokaa ndani ya kishimo cha mfupa, ndani yake kuna uvimbe wa milimita nne, wenye rangi karibu sawa na minji yenyewe. CT ya kawaida inaweza kupita hapo juu kabisa na kuandika "sawa" bila kudanganya. Haikuulizwa.

Mashine iliyoulizwa swali hilo vizuri ni MRI. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haitumii eksirei, na mfupa mnene hauisumbui vile. Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza mwaka 1973, Peter Mansfield akaifanya iwe ya haraka, wakapata Nobel mwaka 2003. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaongezwa dawa ya gadolini, inayodungwa kwenye mshipa wakati wa skani. Hiyo dawa ndiyo siri ya pituitari. Tezi nzima huinywa haraka na kung'aa. Uvimbe mdogo huchelewa, kwa hivyo kwa dakika chache huonekana kama doa jeusi. Dakika zikipita, vyote vinang'aa sawa na doa linapotea. Ni kama kumtambua mgeni kwa vile amechelewa kujibu salamu.

Hata hapo MRI si moja. MRI ya ubongo ya kawaida hukata picha nene, mara nyingi milimita tano. Kata mkate vipande vinene uone kama utapata zabibu moja iliyojificha katikati ya kipande. MRI ya pituitari hukata milimita tatu au chini, mbele na kando, ikilenga kishimo peke yake. Kwa hivyo karatasi ya daktari inafaa iseme hivyo waziwazi: MRI ya pituitari, na dawa ya kung'arisha. Maneno hayo machache yana thamani ya elfu nane.

Sasa, kwa nini aliandikiwa CT? Nimefikiria sana. Nadhani ni kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, na mashine za picha zilikuwa sehemu kubwa ya mpango huo. Baadaye Seneti iliunda kamati kuuchunguza, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni vifaa vilivyokaa tu mahali ambapo hapakuwa na umeme wa kutosha au watu wa kuviendesha. Ukiniuliza, hilo ndilo tatizo letu la picha kwa ufupi: tulifikiria mashine kabla ya swali, na swali hutoka kwa mtu.

Mtu wetu alikuwa klinikal ofisa wa kike, kijana, kwenye kliniki ndogo upande wa Tassia. Dadangu alienda kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Yule dada aliangalia filamu sekunde tano, akaiweka kando, akauliza: "Sista, kuna dawa unameza? Za tumbo kutapika, za akili?" Hapana. "Unagongana na watu kwa stage?" Dadangu akashangaa, kwa sababu ndiyo, alikuwa amegongwa na mkokoteni wa maji wiki hiyo hiyo na kudhani ni haraka zake. Mishipa ya macho hupita juu tu ya pituitari. Uvimbe ukipanda, unachoanza kupoteza ni pembeni. Akainua vidole vyake kushoto na kulia akampima hapo hapo. Pembeni palikuwa pako sawa, mkokoteni ulikuwa mkokoteni tu. Halafu akaandika damu: prolaktini, na homoni za tezi ya shingo, na mimba mara ya tano.

Alitueleza kwa nini damu hutangulia picha. Mtu mmoja kati ya kumi hivi, ukimchunguza vizuri, ana kijidoa kwenye pituitari ambacho hakimfanyi lolote. Ukianza na picha unaweza kupata doa na kumtisha mtu bure, au kukosa doa na kumtuliza bure. Ukianza na damu unajua unatafuta nini. Prolaktini ya dadangu ilirudi imepita kipimo mara nyingi.

Alisema pia kitu ambacho kimenikaa zaidi ya skani yote. Kuna shida ya pituitari ambayo ni ya akina mama wa mitaa kama yetu. Harold Sheehan aliieleza Glasgow mwaka 1937: mama akivuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi hukosa damu na kufa. Maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Uchovu, baridi, miaka na miaka. Kwenye MRI, baadaye, tandiko linaonekana tupu. Nilimfikiria jirani wetu wa ghorofa ya tano, mama wa mtoto mmoja, ambaye kwa miaka sita watu wa ploti wamesema amelogwa na wifi yake. Alipoteza damu siku hiyo mpaka akaongezewa chupa nne. Hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo mawili. Dadangu alimpandia jioni ile ile, na sasa yuko kwenye foleni ya daktari wa homoni, akiwa na karatasi ya damu kwanza.

MRI ilichukua wiki sita kupangwa na kulipiwa, SHA kidogo, chama kidogo, mathe kidogo. Waliuliza kama ana chuma mwilini, kama figo ziko sawa, kama ana mimba. Mara ya sita. Alilala ndani ya mlio ule kama dakika arobaini na akasema ni kama kulala juu ya baa za Pipeline Ijumaa usiku, hakuona tofauti.

Safari hii hawakutoa filamu. Walitupa CD. Tulizunguka mtaa mzima tukitafuta kompyuta yenye mahali pa kuingiza CD, tukaipata kwa saiba moja nyuma ya soko, na jamaa wa saiba akatuchaji mia moja na kusogeza kiti chake ili na yeye aone. Ripoti ilisema milimita sita, upande wa kushoto. Dadangu alinyoosha kidole kwenye skrini mpaka akaligusa lile doa.

"Ndiyo hiyo?" jamaa wa saiba akauliza.

"Ndiyo hiyo," akasema. Anameza nusu kidonge mara mbili kwa wiki. MRI ya kuangalia imepangwa mwakani.