Furu wetu wanaoitwa kwa namba

Jamani, kwetu Buswelu furu ni furu tu: vidagaa vya miiba, unakausha, unaunga. Kumbe huko ughaibuni watu wanawafuga kwenye matangi ya vioo! Mmoja, anayeuzwa kama wa ziwa letu, amezoeleka kwa namba tu: "44".

Kwa nini hana jina la kisayansi? Ili apewe, lazima mtaalamu ampime, amlinganishe na jamaa zake, aeleze alikovuliwa na aweke sampuli makumbusho. Wa dukani mara nyingi asili yake haijulikani, pengine ni chotara. Na furu wa Victoria wanakadiriwa aina 500 au zaidi, wengi wakifanana mno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi hapa Mwanza mwaka 1977, wakawapa furu wengi majina ya muda. Miaka ya 1980 sangara akawafagia kabla kazi haijaisha. Wawili, Haplochromis argens na Haplochromis goldschmidti, walipata majina rasmi mwaka 2013.

Bila jina, hata kuhesabu waliopotea ni shida. Wazee wa kanda ya ziwa, ninyi mliwatofautishaje furu? Tuambizane kabla hatujasahau.