Chambo

Dagaa, kamba au kipande cha ngisi kwenye ndoana ni chambo. Hilo halina ubishi. Na kijisamaki cha plastiki kisicholika? Nacho ni chambo, chambo bandia, maana kazi ni ileile: kumvuta samaki. Marekani, wavuvi wa krapi, samaki wa maziwani mwenye mdomo mwembamba unaochanika upesi, hukichagua kwa kutazama maji. Yakiwa maangavu, hufunga kilicho kidogo, cha rangi hafifu kama ya vidagaa. Yakichafuka kwa tope samaki haoni mbali, basi hufunga cheusi au cha kijani-njano kikali, chenye mkia unaotikisa maji, na kukivuta polepole. Waandishi wenzangu, andikeni chambo bandia, tusikope neno la kigeni ilhali tunalo letu.