Mtarajiwa
Mawakala wa bima nchini Marekani hununua majina ya watu walioulizia bei ya bima. Kwa Kiswahili hao ni wateja watarajiwa, na kauli ya kutendwa imewakaa vyema: anayetarajia ni wakala, mtarajiwa mwenyewe pengine keshasahau. Tena jina hilohilo huweza kuuzwa kwa mawakala kadhaa! Ndiyo maana inafaa gharama igawanywe kwa mikataba iliyopatikana, si kwa majina. Tuseme majina 50, kila moja dola 20: jumla dola 1,000. Wakikata bima wanne, kila mteja amegharimu dola 250. Kamisheni ikiwa dola 400, zinabaki 150, kabla ya kuhesabu simu na muda. Na mteja akiacha kulipa mapema, mara nyingi kampuni ya bima hudai irudishiwe kamisheni.