MCA, Mbunge ama Gavana? Hii Hapa Form ya Kumpata Mheshimiwa Wako Hadi Akujibu

Tuanze na kamtihani kadogo. Bila kushika simu, taja jina la MCA wako.

Kimya, ama? Usijali, hauko solo. Wasee wengi wanaweza kukutajia kikosi chote cha Arsenal kuanzia golikipa hadi wale wa benchi, lakini mtu anayepitisha bajeti ya taa na mtaro wa mtaa wao hawamjui hata kwa sura. Alafu shida ikiingia, tunaanza kutag kila mtu kwa mtandao kuanzia rais kushuka.

Mimi pia nimewahi kuchomeka hivyo. Mtaro uliziba mbele ya ploti yetu, maji machafu ikaanza kuingia keja za chini. Tukajipanga watu kama sita, tukaenda ofisi ya mbunge. Tukarudishwa kesho, kesho ikawa wiki ijayo. Mwishowe kijana wa pale akatuambia bila wasiwasi: "Mtaro si yetu, hiyo ni ya kaunti." Wiki mbili zimeenda hivyo. Mvua nayo haikungoja. Jirani yangu alipoteza godoro na vitabu vya mtoto wake usiku mmoja.

Hatukukosa nguvu ya kulalamika. Tulikosa anwani. Ndio maana nimekuwekea hii stori yote mahali pamoja, uihifadhi.

Kwanza, jua uko wadi gani

Kenya iko na kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Nairobi pekee ina maeneo bunge 17 na wadi 85. Wadi ndio kitu ya kwanza kujua, juu ukishajua wadi, eneo bunge na kaunti zinajitokeza zenyewe.

Na usikisie. Cheki Githurai. Wasee wa 44 wako Nairobi, eneo bunge la Roysambu. Wa 45 wako Kiambu, eneo bunge la Ruiru. Mnapanda mat moja, mnanunua mboga soko moja, lakini gavana ni tofauti, seneta ni tofauti, mbunge ni tofauti na MCA ni tofauti. Ukipeleka shida ya takataka ya 45 pale City Hall, utakuwa umemaliza soli ya kiatu bure.

Kitu ingine: wadi uliyojiandikisha kura si lazima iwe wadi unayokaa. Wengi wetu kura iko ushago ama mtaa tuliohama kitambo. Shida ya mtaa peleka kwa kiongozi wa mahali shida iko. Na haijalishi ulimpigia kura ama ulimpinga. Hata kama hukupiga kura kabisa, bado ni mwakilishi wako.

Kama hujui wadi yako, uliza kwa ofisi ya chifu ama ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako. Lakini chifu mwenyewe usimchanganye na hawa wengine. Hakuchaguliwa, ameajiriwa na serikali ya kitaifa. Msimamizi wa wadi naye ameajiriwa na kaunti.

Nani hufanya nini?

Siku ya kura unapewa karatasi 6. Rais tumwache leo. Hawa 5 ndio wako karibu na wewe:

MCA. Anawakilisha wadi kwa bunge la kaunti. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti ya kaunti na kuangalia vile gavana anatumia pesa. Kwa taa za barabarani, mtaro, takataka, soko, barabara ndogo za mtaa na chekechea, anza na yeye.

Gavana. Ndiye bosi wa serikali ya kaunti. MCA hupitisha bajeti, lakini kazi yenyewe hufanywa na watu wa gavana. Zahanati na hospitali za kaunti, ambulensi, zimamoto, maegesho na leseni za baa ziko chini yake.

Mbunge. Kazi yake iko Bunge la Kitaifa: sheria za nchi, ushuru, bajeti ya kitaifa. Mtaani anajulikana zaidi juu ya NG-CDF, ule mfuko wa basari na madarasa ya shule za msingi na sekondari. Lakini fomu za basari hushughulikiwa na kamati na meneja wa mfuko, so waulize hao moja kwa moja. Huo mfuko umepelekwa kortini zaidi ya mara moja, kwa hivyo uliza hali iko aje kabla ya kupanga foleni.

Mwakilishi wa Wanawake. Yule tunamwita Woman Rep. Wako 47, mmoja kwa kila kaunti, na wanakaa Bunge la Kitaifa pamoja na wabunge. Ofisi yake ndio ya kuuliza kuhusu NGAAF, mfuko unaosaidia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Chali pia anaweza kuingia hiyo ofisi, si ya madem pekee.

Seneta. Kazi yake ni kulinda kaunti na kufuatilia pesa ambazo serikali ya kitaifa imetumia kaunti. Ukiona hospitali ya kaunti imejengwa nusu na pesa imeisha, huyu ndiye wa kumsukuma amuulize gavana maswali.

Kama ni polisi, kitambulisho, shule ya msingi, sekondari ama chuo kikuu, hiyo ni serikali ya kitaifa. Anza na ofisi inayohusika, ikikataa ndio umshike mbunge. Barabara nazo zina wenyewe tofauti: barabara kuu ni KeNHA, nyingi za mjini ni KURA, ndogo za mtaa ni kaunti. Uliza kwanza barabara ni ya nani kabla hujaanza kurushia watu lawama.

Ukitaka kukagua hii yote, fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kazi za kaunti na za kitaifa zimeorodheshwa hapo moja baada ya nyingine.

Utawapata wapi?

Wabunge na maseneta: ingia parliament.go.ke. Kuna orodha ya wote, na majina na maeneo yao. Barua ya posta unatumia Sanduku la Posta 41842-00100, Nairobi. Mabunge yote mawili yanatumia sanduku hilo, so andika wazi kama ni Bunge la Kitaifa ama Seneti. Ukitaka kuandikia Karani wa Bunge la Kitaifa, barua pepe ni cna@parliament.go.ke. Karani wa Seneti ni clerk.senate@parliament.go.ke.

MCA: tafuta tovuti ya bunge la kaunti yako, kisha uende ofisi ya wadi. Hujui iko wapi? Waulize wasee wa boda pale stejini, huwa wanajua. Bunge la Kaunti ya Nairobi liko City Hall.

Ukitaka kujua mbunge wako huongea nini ndani ya Bunge ama hulala tu, cheki mzalendo.com. Ni mradi wa raia, si wa serikali, na hufuatilia vile wabunge na maseneta wanachangia.

Sasa siku. Bunge la Kitaifa na Seneti hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Hizo siku usitarajie kumpata mbunge ofisi ya mtaani. Jaribu Jumatatu ama Ijumaa, lakini piga simu ofisini kwanza uulize. Bunge likienda mapumziko, nafasi yako inaongezeka. Na kama uko Nairobi, unaweza kuingia Bungeni na kitambulisho ukae kwa jukwaa la wageni, ujionee.

Kuna pia msimu wa bajeti. Mwaka wa pesa wa serikali huanza Julai 1, na makadirio ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ukiomba taa mwezi wa sita, pesa imeshapangwa. Ombi lako lifike mapema, na ukisikia kuna kikao cha maoni ya umma kwa wadi, enda. Katiba inataka wakusikize kabla hawajapitisha. Shida ni ati sisi hukosa, alafu viti vinajazwa na wale wale.

Andika, usiongee tu

Hapa ndio wengi huanguka. Ukiongea na mheshimiwa kwa harambee akakuambia "nitaangalia hiyo maneno," hakuna kitu umepata. Kesho hakukumbuki. Andika barua fupi, ukurasa mmoja, hata kwa mkono. Iwe hivi:

*Kwa: MCA, Wadi ya ______*
*Nakala: Msimamizi wa Wadi*
*Tarehe: ______*

*KUH: MTARO ULIOZIBA, BARABARA YA ______*

*Sisi wakazi wa ______ tunakuarifu kwamba mtaro ulio mbele ya nyumba zetu umeziba tangu tarehe ______. Maji machafu yanaingia nyumba ______ na watoto wanapita humo wakienda shule.*

*Tunaomba mambo mawili: mtaro uzibuliwe, na tujibiwe kwa maandishi kama kazi hii imo kwenye bajeti ya mwaka huu.*

*Tumeambatisha picha na sahihi za wakazi. Tutapita ofisini tarehe ______ kuchukua jibu.*

*Jina, nambari ya simu, sahihi*

Ona venye imekaa: shida moja, mahali, tarehe, ombi, siku ya kurudi. Hakuna matusi, hakuna hadithi ndefu ya vile mlimpigia kura.

Toa nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe pia, juu hiyo inaweka tarehe yenyewe. Hako kakaratasi ka shilingi kumi ndio silaha yako. Utaona sababu hapo chini.

Wakinyamaza je?

Kwanza, rudi ile siku uliandika. Usitume mtu.

Pili, omba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma maswali kama: mtaro huu ulitengewa pesa ngapi, na nani alipewa kazi? Andika kwa Kiswahili ama Kiingereza, chochote kile. Wana siku 21 za kukujibu. Kama ni jambo la uhai ama uhuru wa mtu, ni saa 48. Hakuna ada ya kupeleka ombi, wanaweza kukulipisha tu gharama ya nakala.

Tatu, wakikataa ama wakipuuza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inaitwa Ombudsman.

Nne, kama shida ni kubwa kuliko mtaa, peleka ombi rasmi Bungeni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinakupa hiyo haki, na si lazima uwe na wakili. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, likiwa na jina na sahihi, na useme kama kesi iko kortini. Likishapelekwa kwa kamati, kamati inafaa kukupa jibu.

Na kuna kitu wanakuuliza kwa hilo ombi: je, umejaribu kupeleka shida kwa ofisi inayohusika, na walikujibu nini? Hapo sasa ndio unatoa ile nakala yako yenye muhuri. Bila hiyo, unaanza moja.

Usifanye hivi

Usilipe mtu "akuingize" ofisini. Fomu ya basari haiuzwi, na kumuona mwakilishi wako hakuna bei.

Usitukane ama kutishia mtu kwa simu. Unaweza kujipata na kesi chini ya ile sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018, na shida yako ya mtaro isahaulike kabisa.

Na usitegemee mtandao pekee. Juni 2024, vijana walijaza simu za wabunge na jumbe wakipinga Mswada wa Fedha. Nchi nzima ilisikia. Bado, Juni 25, wabunge 195 walipiga kura ya ndio dhidi ya 106. Siku iliyofuata rais alikataa kutia sahihi, lakini kufikia hapo kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Kelele ina kazi yake, hakuna mtu atakudanganya haina. Lakini mswada ukishatulia na kamera zikishaenda, kinachobaki ofisini ni karatasi yenye jina lako na tarehe.

Kura ingine ni Agosti 10, 2027. Si lazima ungoje hadi hapo ndio mheshimiwa akujue. Leo jioni ukifika keja, uliza majirani swali moja: hii ni wadi gani, na MCA ni nani? Mkikosa jibu, mshapata kazi ya kwanza.

Mtaro wetu ulizibuliwa, by the way. Barua ya pili, watu 31 wametia sahihi, imeenda kwa ofisi iliyofaa. Ilichukua siku tisa.