Nani Amchagulie Msichana Njia? Elimu ya Wanawake na Kazi ya Kujitolea Mjini Bujumbura tangu 1946

Methali ya Kirundi husema kuku jike hawiki jogoo akiwapo. Wanaoeleza kwa nini wasichana wa Burundi walichelewa kupata elimu hupenda kuitaja, kana kwamba mila peke yake ni jibu tosha. Historia ya Bujumbura inaonyesha jambo jingine. Tangu miaka ya 1940 walikuwapo watu waliotaka mwanamke wa mji huu afundishwe. Kilichobishaniwa ni afundishwe nini, na kwa faida ya nani. Insha hii inadai kwamba msaada kwa elimu ya wanawake hupimwa kwa swali moja: je, anayesaidiwa ana sauti katika kuamua aende wapi?

Mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, utawala wa Kibelgiji ulikuwa na taasisi ya mafunzo ya wanawake iliyojulikana kwa Kifaransa kama foyer social. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameichunguza katika kipindi cha 1946 hadi 1960. Wanawake wa vitongoji vya Waafrika walifundishwa kushona, kutia viraka, kupika, kupiga pasi na kutunza watoto. Wafanyakazi wa Kizungu, wakisaidiwa na wakufunzi Waafrika, waliwatembelea majumbani kuona kama mafunzo yanafuatwa. Lengo lilikuwa kumpata mke anayefaa kwa karani au fundi wa mjini. Kwamba mwanamke mwenyewe angeweza kuwa karani halikuwa sehemu ya mpango. Hata hivyo, maarifa hayafungiki. Anayejua kushona gauni la mwanawe anaweza kushona la jirani akalipwa.

Wanawake wa mji huo hawakuwa watu wa kungoja kuelekezwa. Wakoloni waliwatoza kodi wanawake walioishi mjini bila mume. Kodi hiyo iliwaweka wote katika fungu moja, kana kwamba kila asiye na mume ni malaya. Katika miaka ya 1950, wajane Waislamu wa Buyenzi, kitongoji cha Waswahili, waliipinga. Waliona kuwa ilikuwa inawachukulia heshima yao pamoja na fedha zao. Watu ambao serikali iliwaona kuwa wanahitaji tu kujifunza usafi wa nyumba walielewa vizuri siasa ya kodi, bila darasa lolote.

Baada ya uhuru wa 1962, swali la nani aamue lilibaki. Ni vyema kulitazama pia katika nchi jirani, ambako kazi ya kujitolea ilifanywa kwa wingi zaidi. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wengi wa kisomo walikuwa watu wa kijiji hichohicho, na wengine walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67. Kufikia 1975 walikuwa asilimia 39. Ni mafanikio makubwa. Lakini hata huko, miongoni mwa vitabu vya kisomo vilikuwamo vya maarifa ya nyumbani, vilivyolengwa wanawake. Mwalimu alikuwa jirani, ila njia ilikuwa imekwisha kuchorwa.

Nchini Burundi mabadiliko yalikuja katika kipindi kigumu kabisa. Mwaka 1993 Sylvie Kinigi, mchumi, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba mwaka huo, ni yeye aliyebaki akiongoza serikali huku vita vikianza. Mazungumzo ya amani yalipofunguliwa Arusha mwaka 1998, wanawake hawakupewa nafasi mezani. Hawakuondoka. Julai 2000 walifanya mkutano wao wa vyama vyote na kumkabidhi Nelson Mandela, aliyekuwa mpatanishi, mapendekezo yao. Miongoni mwake yalikuwamo haki ya wasichana kupata elimu sawa na wavulana, pamoja na haki ya wanawake kurithi. Mengi yaliingia katika mkataba wa Agosti 2000. Katiba ya 2005 ikaweka angalau asilimia 30 ya wanawake serikalini na bungeni. Urithi wa ardhi ungali unabishaniwa hadi leo.

Mwaka huohuo wa 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na madarasa yakafurika. Lakini daftari, sare na chakula havikufutwa pamoja na ada. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na wanajamii. Katika vikundi vya akiba na mikopo, kama vile vya Nawe Nuze, wanawake huweka fedha kidogo kidogo na kukopeshana, na mkopo mara nyingi huishia shuleni. Katika shule wapo wanaoitwa kwa Kifaransa tante-école, yaani shangazi wa shule. Jina hilo lina maana nzito. Katika mila, masenge, dada wa baba, ndiye aliyemwandaa msichana kwa ndoa. Sasa shangazi anaombwa amsaidie abaki darasani. Mila iliyolaumiwa ndiyo inayotumika kufungua mlango.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ndiyo suluhu, na serikali ipumzike. Hapana. Kujitolea ni bure kwa anayepokea, si kwa anayetoa. Shangazi huyo naye ana shamba, ana biashara ndogo sokoni, ana watoto wake. Jamii ikitegemea moyo wake peke yake, inamtoza kodi nyingine isiyo na risiti.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu ulio karibu. Taarifa nyingi za zama za ukoloni ziliandikwa kwa Kifaransa na watu waliokagua nyumba, si na wanawake waliokaguliwa. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955 leo amepita 80. Wapo bado Buyenzi na Bwiza bibi wanaoweza kusimulia, kwa Kiswahili chao, walitaka nini walipokuwa wasichana. Tusipowauliza sasa, swali la nani aliwachagulia njia litabaki limejibiwa na upande mmoja tu.